Ukuta Mmoja, Picha Mbili

Nyundo ilikuwa ndani ya ndoo ya rangi nyeupe, imezama mpaka kwenye mpini, na aliyeizamisha alikuwa ameirudishia mfuniko kama mtu anayefunika chungu asije paka akaingia. Shangazi aliitoa polepole kwa vidole vyenye glavu. Rangi ikachuruzika. Chini ya weupe ule, kwenye makucha ya kung'olea misumari, zilinasa nywele za mtu pamoja na kipande cha ngozi.

"Piga picha," alimwambia Koplo.

Koplo alipiga picha tatu, akaiweka kamera sakafuni kwa adabu, kisha akatoka mbio kwenda kutapika uani.

Kituo kizima kilimwita Shangazi, kuanzia mkuu wake hadi mahabusu. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, anayeelekea kustaafu, na jina hilo alilipata kwa namna yake ya kuhoji. Aliuliza kama shangazi aliyeitwa kusuluhisha ndoa: kwa upole, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, mpaka mtu mwenyewe achoke kudanganya. Wapo waliowahi kuvumilia makofi ya askari wengine lakini wakakiri mbele ya Shangazi kwa kuchoshwa tu.

Marehemu alikuwa mama mwenye ukumbi. Wasanii walimwita Mratibu, kwa kuwa yeye ndiye aliyechagua kazi za kuonyeshwa na ndiye aliyeamua ipi ikae wapi. Jioni ya siku hiyo ndipo maonyesho yalipopangwa kufunguliwa, wasanii sita chini ya paa moja, na viti vya wageni vilikuwa vimeshapangwa nje. Sasa Mratibu alikuwa amelala chali kwenye korido inayoelekea chooni, juu ya sanamu ya chuma. Sanamu hiyo ilikuwa taya kubwa la mnyama lililolehemiwa kwa nondo zenye ncha, na nondo moja ilikuwa imeingilia mgongoni mwake ikatokeza mbele, chini ya bega. Upande wa kushoto wa kichwa haukuwepo tena. Jicho moja lilibaki, limefunguka, linatazama dari.

Daktari wa polisi alichuchumaa, akanyanyuka akishika kiuno.

"Amekufa kwa nyundo," alisema. "Pigo la kwanza lilitosha. Mengine yote ni hasira. Hii nondo imemwingia akiwa ameshakufa. Unaona? Jeraha halikutoa damu."

"Kwa hiyo aliuawa kwingine, akaja kutupwa hapa."

"Kama gunia."

Mlinzi wa geti, mzee aliyevua kofia yake na kuikunja mpaka imekuwa kama tambara, hakungoja kuulizwa. Sanamu ni ya Mhunzi, mmoja wa wale wasanii sita, alisema. Jana jioni Mhunzi na Mratibu waligombana mpaka wapita njia wakasimama. Mhunzi alikasirika kwa taya lake kuwekwa njia ya chooni. "Alimwambia, ukiliacha hapa nitakutafuna nalo. Kwa masikio yangu haya. Halafu akatoka, shati lina damu."

"Baada yake hakuna aliyeingia?"

"Getini kwangu, hakuna. Ila kuna mlango wa nyuma wa kupakulia mizigo. Ule ufunguo wasanii wote wanao."

Koplo alikuwa amerudi, anajifuta mdomo. "Shangazi, kesi hii imeisha kabla ya chai."

"Kesi ikiisha kabla ya chai, ujue kuna mtu amekupikia," alijibu. "Nenda kamlete huyo Mhunzi. Akiwa mzima."

Alipobaki peke yake alifuata pua. Kwenye korido kulikuwa na harufu ya tapentaini, dawa ya kuyeyushia rangi, na haikuwa ile ya picha mbichi. Ilitoka sakafuni, ambapo mtu alikuwa amesugua saruji kwa mstari mpana kama wa kuburura kitu kizito. Mstari ule ulimtoa koridoni, ukampitisha mbele ya chumba kidogo cha ndani, ukamfikisha ukumbi mkubwa, ukaishia chini ya ukuta unaotazamana na mlango wa kuingilia.

Hata asiyejua lolote kuhusu sanaa angejua kwamba huo ndio ukuta wenye heshima. Mgeni akivuka kizingiti, macho yake yanatua hapo kabla hajatafuta pa kukaa. Kazi za wengine zilipangwa pembeni, moja baada ya nyingine, lakini pale mbele ilitundikwa picha moja tu, kubwa kama mlango wa mbao mbili, ya wanawake waliosimama kwenye foleni. Tena haikuwa katikati. Ilikaa upande mmoja wa ukuta, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi kitandani.

Shangazi alisogeza uso karibu na ile nafasi tupu. Rangi ya pale ilikuwa nyeupe zaidi ya ukuta wote. Aliigusa, kidole kikanata. Alichukua kisu chake kidogo, akakwangua. Tabaka la juu lilikuwa jeupe. La chini yake lilikuwa la pinki, na la chini kabisa lilikuwa jekundu linaloelekea weusi. Karibu na hapo kidole chake kilikutana na tundu la skrubu lililozibwa kwa lipu laini, bado bichi.

Mratibu alifia pale, chini ya ukuta wa heshima. Na aliyemuua aling'oa kitu ukutani.

*

Wasanii waliobaki walikuwa wameketi uani chini ya paa la bati, watu watano, na chai iliyopikwa kwa ajili ya wageni wa jioni. Mmoja alikuwa analia kimyakimya. Shangazi aliwapa kila mmoja karatasi na penseli.

"Nichoreeni ukumbi kama mlivyouona mara ya mwisho. Sitaki urembo. Mstari ni ukuta, kisanduku ni picha."

Wanne walichora. Wote wanne waliondoka jana mchana, na wote waliuweka ukuta wa mbele hivyo hivyo: kisanduku kimoja kikubwa, katikati kabisa. Kumbe Mratibu aliubadilisha baada yao.

Wa tano aliirudisha karatasi tupu.

Huyo walimwita Mjomba. Alikuwa mzee mpana wa mabega, ndevu zimechanwa vizuri, na jina lake lilikuwa kubwa kuliko ya wenzake wote yakifungwa pamoja. Nusu ya wachoraji wa mji ule walipitia mikononi mwake, ndiyo maana kila mmoja alimwita mjomba. Lakini mpwa wake wa damu alikuwa mmoja tu, binti wa dada yake aliyefariki, na ndiye aliyesimama nyuma ya kiti chake. Mjomba alimpachika jina la Chiriku kwa mzaha, kwa kuwa ndege huyo hanyamazi na binti huyo hakuwa msemaji.

"Mimi sichori ramani, mwanangu," alisema Mjomba. "Nachora watu."

"Mistari minne tu, Mjomba."

"Ndivyo mnavyoanza. Leo mistari minne, kesho mmeitia fremu mnasema ni kazi yangu."

Wengine walicheka, kicheko kile cha watu walioogopa wakitafuta pa kupumulia. Shangazi naye akacheka.

"Ile picha kubwa ya mbele ni yako?"

"Nani mwingine?"

"Nzuri. Ya zamani?"

"Nimeimaliza mwaka huu. Rangi yake haijakauka sawasawa."

"Na jana uliondoka hapa saa ngapi?"

"Mapema. Kabla ya hayo magomvi niliyoyasikia kwa watu. Nikaenda nyumbani nikalala. Mpwa wangu ni shahidi."

"Ni kweli, binti?"

"Ni kweli," alisema Mjomba.

"Nimemuuliza yeye."

Chiriku alikuwa anautazama mlango wa ukumbi. Hakuwa ameuondolea macho tangu Shangazi aketi. "Ni kweli," alisema, kwa sauti ya mtu anayerudisha kitu alichoazimwa.

Mtu alileta chai. Mjomba alikipokea kikombe kwa viganja vyote viwili, akakibana kifuani, akakiinamia kunywa badala ya kukiinua. Ungedhani ana baridi, na jua lilikuwa linachoma bati mpaka linalia. Shangazi aliliona jambo hilo akaliweka kando, kama mtu anavyoweka kando kifungo alichookota, hajui ni cha shati lipi. Aliwashukuru wote, akawaambia wanaweza kwenda nyumbani, ila wasitoke mjini.

Hilo la kuwaruhusu alikuja kulijutia.

*

Koplo alimleta Mhunzi, lakini pua yake mwenyewe aliiacha huko. Mhunzi alipowaona askari mlangoni mwa karakana yake alishika nondo. Pigo la kwanza lilimvunja Koplo pua. La pili lilivunja mkono wa askari mwingine. Wakamrukia wanne, wakamwangusha kwenye vyuma vyake mwenyewe, na alipofikishwa kituoni jicho lake moja lilikuwa limefumba na meno mawili hayapo.

Shangazi alimtazama, kisha akawatazama vijana wake waliojipanga mlangoni.

"Nani amempiga akiwa ameshafungwa pingu?"

Mmoja alipiga hatua kurudi koridoni.

"Nimeuliza."

"Alimvunja mwenzetu mkono, afande," alisema mmoja.

"Sikuuliza alichofanya yeye. Tokeni. Mnaninukia."

Alimfungua pingu mwenyewe, akampa kitambaa chenye maji. Mhunzi alikuwa jitu la mtu, mikono imejaa makovu ya cheche, lakini alikikalia kiti ukingoni tu, kama mgeni.

"Uliogopa nini?"

"Ninyi. Nilishawahi kulala hapa. Najua mnavyouliza maswali."

"Shati la damu je?"

Alifunua kiganja. Kilikuwa na mpasuko mrefu, umefungwa kwa utepe wa umeme. "Nilikuwa nalivuta lile taya mwenyewe, nilitoe koridoni. Likanikata. Nikaona basi, nikaondoka. Vijana wako wanasema nimemuua Mratibu. Kwa nini nimuue? Yule mama ndiye aliyenitoa barabarani. Nilikuwa nauza mageti."

"Amekutwa juu ya taya lako. Nondo imemtoboa."

Mhunzi alikiacha kitambaa kikaanguka. Kisha lile jitu likaukunja uso ukawa wa mtoto, likalia kwa sauti mpaka Koplo akachungulia mlangoni na pamba yake puani.

"Juu ya kazi yangu?" alirudia. "Wamemweka juu ya kazi yangu?"

Shangazi alimwacha alie mpaka kwikwi zikapungua. Kisha akamsogezea karatasi. Mhunzi alichora haraka, mkono wake umezoea. Alipofika ukuta wa mbele aliweka visanduku viwili: kikubwa upande mmoja, kidogo upande wa pili, vimekaa sambamba kama mume na mke wanaopigwa picha.

"Hiki kidogo ni cha nani?"

"Sijui. Hakikuwa na jina pembeni. Mwanamke anafua, ameonyeshwa mgongo tu. Nilimkuta Mratibu anakitundika mwenyewe, na hicho ndicho kilichonichoma roho. Nikamwambia, mimi unaniweka chooni, na ukuta wa mbele unampa mtu asiye na hata jina? Akaniambia, ukuta huu safari hii si wa kumpamba mtu. Umekaa kimya muda mrefu na mimi nimekaa kimya nao. Kesho utasema."

"Utasema nini?"

"Nami nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, mwenye macho ataona."

*

Kisanduku kidogo walikikuta katika chumba cha ndani, kile ambacho mgeni angepita bila kugeuza shingo. Kilitundikwa nyuma ya mlango, kana kwamba kilikuwa hapo tangu mwanzo. Shangazi alimwagiza Koplo akishushe, kisha akausogelea ukuta.

Skrubu iliyokibeba ilikuwa imeingia mshazari. Kuizunguka, lipu ilikuwa imekwaruzwa vibaya, mikwaruzo mirefu na mifupi kila upande, kama kuku amepekua hapo. Bisibisi ilikuwa imeteleza, ikarudishwa, ikateleza tena.

"Alikuwa na haraka," alisema Koplo, sauti yake ikipitia kwenye pamba.

"Mtu mwenye haraka huikosa mara moja au mbili, kisha hushika vizuri. Huyu hakuweza kabisa. Lete hiyo picha."

Waliipeleka ukumbini, wakaishika pale ilipotundikwa kwanza, juu ya rangi mbichi, kando ya ile kubwa. Wakarudi nyuma mpaka kizingitini.

Koplo, ambaye maishani mwake alikuwa amenunua picha moja tu, ya timu ya mpira, alipumua kwa mdomo wazi. "Hawa ni ndugu."

Walikuwa zaidi ya ndugu. Kila mwanamke kwenye ile foleni alizungukwa na mstari mwembamba ambao haukutiwa rangi, unene wa uzi, unaopita begani, kiunoni na kwenye vidole bila kukatika, hata ukadhani mtu anatoa nuru. Mstari huo ndio uliompa Mjomba jina. Magazeti yalikuwa yakiuandika kila mwaka. Na yule mfuaji asiye na jina alizungukwa na mstari ule ule, kwa mkono ule ule.

"Mwanafunzi amemwiga mwalimu," alisema Koplo. "Basi. Wanaiga kila siku."

"Mwalimu akiigwa anajisifu. Hamvunji mtu kichwa." Shangazi aliikaribia picha kubwa mpaka pumzi yake ikagusa rangi. Mstari ulishuka kutoka kwenye kidevu cha mwanamke wa mbele mpaka kifundo cha mguu, urefu wa mkono mzima, haukuyumba hata chembe. "Ameimaliza mwaka huu, alisema. Koplo, yule mzee alikunywaje chai?"

"Kwa kikombe."

"Kwa mikono miwili. Na penseli aliikataa. Mchoraji gani anaogopa penseli? Mkono ulioshindwa kuingiza skrubu kwenye lipu hauwezi kuuvuta mstari huu. Mjomba hachori tena, Koplo. Kuna anayemchorea. Na Mratibu alizitundika mbili pamoja ili watu mia moja waingie jioni hii, waone kwa mkupuo mmoja." Aligeuka ghafla. "Yule binti yuko wapi?"

"Aliondoka na mjomba wake," alisema Koplo. "Uliwaruhusu mwenyewe, Shangazi."

Walikimbia.

*

Karakana ya Mjomba ilikuwa ghorofani, juu ya bohari la vigae. Walikuwa katikati ya ngazi waliposikia yowe. Lilikuwa fupi. Likafuatiwa na kishindo kikavu, kama cha mtu anayepasua nazi, kisha yowe jingine. Koplo aliupiga mlango teke, haukufunguka. Akaupiga kwa bega, bawaba zikang'oka.

Mjomba alikuwa amempigisha mpwa wake magoti mbele ya meza nzito ya kusagia rangi. Mkono wa kulia wa Chiriku ulikuwa umefungwa kwa kamba juu ya jiwe la meza, na mzee alikuwa ameshika nyundo ya mbao ya kuwambia turubai la picha, ameiinua kwa mikono yote miwili. Vidole vitatu vilikuwa vimeshakwenda upande usio wao. Mfupa mmoja ulichungulia nje, mweupe.

"Iweke chini, Mjomba," alisema Shangazi.

"Mkono huu niliulea mimi!" Mjomba alifoka. Mate yalimjaa ndevuni. "Niliulisha, niliuvisha! Nilimtoa kwenye kitanda cha mama yake akiwa hajui hata kushika kijiko! Leo unipelekee siri zangu kwa watu?"

Akaishusha. Kidole cha nne kilivunjika mbele ya macho yao.

Shangazi alimrukia. Hakuwa na mwili wa kuruka, lakini aliruka. Mjomba aligeuka na kumwagia mkebe wa tapentaini usoni, dunia ikawa moto mweupe, na katika ule upofu alihisi kitu baridi kikipita mkononi, kuanzia kiwiko kushuka. Kilikuwa kisu cha kukatia turubai. Alisikia damu yake ikidondoka mbaoni kabla hajasikia maumivu. Koplo alimvaa mzee kiunoni, wakaanguka pamoja juu ya fremu, mbao zikapasuka. Mjomba alikipata kichwa cha Koplo na kukigongesha sakafuni mara mbili, kwenye pua ile ile, na Koplo akalia kama mbwa aliyekanyagwa. Kisu kiliinuka tena.

Shangazi alikuwa na jicho moja tu linaloona. Alichomoa rungu lake, akapiga pale alipoona mkono, akasikia kifundo kikitoa mlio. Kisu kikaanguka. Akampiga kwenye goti. Mzee alipojaribu kusimama kwa mguu wa pili, akampiga na huo.

"Tosha!" ilikuwa sauti ya Chiriku. "Tosha, mama. Msimuue."

Shangazi alisimama, rungu hewani. Hakujua kama angekuwa na pigo jingine. Alipofikiria baadaye, aliona kwamba angekuwa nalo.

Walimfunga pingu akiwa amelala kifudifudi. Mikono yake, sasa ikiwa haina cha kushika, ilitetemeka mpaka pingu zikalia chwa chwa chwa. Lakini mdomo wake haukutetemeka.

"Waambie!" alipiga kelele. "Waambie nani alikufundisha kushika brashi!"

Chiriku alikuwa bado amepiga magoti, Koplo anamkatia kamba. Binti akamgeukia mjomba wake.

"Wewe, Mjomba," alisema. "Ulinifundisha wewe."

Na hiyo, kuliko rungu, ndiyo iliyomnyamazisha mzee.

*

Hospitalini waliwaweka chumba kimoja. Shangazi alishonwa mkono huku jicho lake likisafishwa kwa maji, na Chiriku alilala kitanda cha pili, mkono wake wa kulia umelazwa juu ya mto, umevimba kama wa mtu mwingine. Daktari alikuwa amekwenda kuandaa chumba cha upasuaji. Alisema ukweli kabla ya kwenda: vidole viwili huenda vikarudi, viwili asivitegemee.

"Si lazima uzungumze sasa," alisema Shangazi.

"Nikinyamaza sasa, nitanyamaza tena." Binti alilamba midomo. "Mkono wake ulianza kutetemeka nikiwa bado shule. Mwanzo nilimalizia tu vidole na nyuso. Baadaye mavazi. Baadaye akawa anakaa kitini ananiambia, chora hivi, na mimi nachora ninavyotaka mwenyewe, na yeye anasema vizuri. Za zamani ni zake, afande, msimdhulumu. Zile alizochora kabla ya kuugua ni zake na ni nzuri. Za baadaye ni zangu."

"Mratibu alijuaje?"

"Alihisi siku nyingi. Aliniuliza, nikakataa. Akaniambia, siku ukichoka, niletee moja uliyoichora kwa ajili yako, mimi nitaitafutia ukuta. Nikachoka." Machozi yalimteremka kuelekea masikioni, hakuyafuta. "Nilimpelekea mimi ile picha. Jana jioni Mjomba alipitia mlango wa nyuma kwenda kuangalia kazi yake ilivyokaa. Akakuta ziko mbili. Aliporudi nyumbani alikuwa na rangi mpaka mabegani. Akavua shati akanipa nilifue. Maji yalikuwa mekundu, nami nikalifua. Nikalisuuza na kulianika. Nikamwandalia chakula."

Shangazi alinyoosha mkono wake mzima, akamfuta machozi kwa ncha ya shuka.

"Asubuhi mlipotuita, nilijua kabla hamjasema. Nikasema ni kweli alilala nyumbani. Tulipofika karakana ndipo nikamwambia sitasema tena uongo huo. Ndipo akafunga mlango."

"Ukamwambia peke yako, mkiwa wawili?"

"Yeye ndiye niliyekuwa naye."

Muuguzi aliingia na sindano ya kumlaza. Chiriku aliuvuta mkono wa kushoto chini ya shuka kabla hajashikwa.

"Mratibu anazikwa lini?"

"Ndugu zake wanasema kesho kutwa," alisema Shangazi. "Lakini wewe utakuwa hapa. Daktari hatakuruhusu."

"Nitakwenda."

"Mwanangu, utakuwa umefungwa bandeji mpaka kwapani. Hata udongo hutaweza kumtupia."

Chiriku aliutoa mkono wa kushoto, akautazama mbele na nyuma, kiganja laini kisicho na doa la rangi, kisha akamnyooshea muuguzi.

"Nitamtupia kwa huu," alisema. "Haujafanya kazi yoyote maishani. Uanzie hapo."

Muuguzi alimtazama Shangazi. Shangazi aliitikia kwa kichwa, na sindano ikaingia.